Wiki Moja Bila Usukani

Kazi ya dereva wa nyumbani si kuendesha. Kuendesha ni nusu. Nusu iliyobaki ni kungoja. Unawashusha watu mlangoni, wanaingia, unasogeza gari kivulini kama kivuli kipo, unangoja. Harusini unangoja, hospitali unangoja. Nje ya maduka makubwa ya Doha, kiangazi kile ambacho ukigusa bodi ya gari kwa kiganja unaacha ngozi, unangoja na injini inanguruma ili kiyoyozi kisikate. Mimi kazi hiyo niliifanya vizuri kuliko mtu yeyote niliyemjua, na sioni haya kusema. Haikutokea siku mwenye nyumba akatoka mlangoni akaanza kutafuta gari. Akitoka, gari lipo, mlango wa nyuma uko wazi, ubaridi unamkaribisha.

Nilifika Doha mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuja na leseni, na Kurani niliyohitimu chuoni kwetu Muheza, na darasa la nne ambalo sikulimaliza. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, nami nilikata naye. Alama ya mwiba iko chini ya jicho hadi leo. Wanaoniuliza nimesomea wapi biashara nawaonyesha alama hiyo.

Nilianza kwa kuendesha familia moja ya wenyeji. Kiarabu cha hapa nilikiokota kiti cha mbele, maana dereva husikia kila kitu na haulizwi chochote. Kila mwaka familia ile ilisafiri. Niliwapeleka uwanja wa ndege na masanduku yao, nikarudi peke yangu na gari linanukia udi. Walipenda sana Hispania, sehemu ambayo wao huiita Andalus. Bibi mkubwa wa nyumba, ambaye sote tulimwita Mama ingawa alinizidi miaka michache tu, ndiye aliyekuwa akinisimulia nikienda kuwapokea.

"Huko," aliniambia mara moja, "kuna jumba jekundu juu ya kilima. Maji yanatembea ndani ya nyumba kama mtu wa familia. Ukiingia unasahau njaa."

Nikamwambia, "Inshallah, Mama, iko siku na mimi nitaingia."

Akacheka, si kwa ubaya. Alikuwa mama mwema. Idi haikupita bila kumtumia mke wangu kitambaa. Akasema, "Inshallah. Wewe ndiye utakayetuendesha."

Nilitazama barabara. Lakini neno lile nililimeza, likakaa.

Miaka ikaenda. Niliagana na familia ile kwa wema, nikapata mbia mwenyeji, nikaanza na basi dogo moja la kubeba wafanyakazi wa hoteli kutoka mtaa wa Muaither kwenda The Pearl, kisiwa cha matajiri. Wapishi, wahudumu, mabinti wa usafi, Wakenya, Waganda, Watanzania wenzangu, wote wamelala vichwa vimegonga vioo. Basi moja likazaa jingine. Sitasema sasa ni mangapi, watu wana macho. Niseme tu yakiegeshwa yanajaza kiwanja, na jirani hulalamika.

Hapo ndipo nilipomleta mke wangu kutoka Muheza. Nilimpangia nyumba Muaither, vyumba vyenye marumaru, jiko la gesi, sebule ya kukaa wageni. Nikadhani nimemaliza. Kumbe mwanamke hakufuata marumaru.

Madereva nilikuwa nao, wazuri, nimewafunza mwenyewe. Lakini nikiona basi limesimama bila mtu kwenye usukani, mkono unaniwasha. Dereva anaumwa? Naenda mimi. Dereva amechelewa? Naenda mimi. Dereva yupo na mzima wa afya? Naenda kumwonyesha njia fupi. Doha nayo inakusaidia kuharibika. Ni mji ambao mtu anaweza kuishi bila kushuka garini. Hata chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, unapiga honi nje ya kibanda, wanakuletea dirishani.

Mke wangu alitundika kanga mbili kwenye dirisha la sebule. Nilimwambia anunue mapazia. Akasema, "Nitanunua." Hakununua. Nikamuuliza tena, akasema kanga inatosha kuzuia jua.

Ijumaa moja tulikuwa na wageni, pilau liko sakafuni, simu ikaita: basi la zamu ya jioni halina dereva. Nikanawa mkono, nikaondoka. Niliporudi vyombo vilikuwa vimeoshwa na mke wangu amekaa chini ya zile kanga.

"Baba watoto," akasema, "mimi narudi Muheza."

"Kuna msiba?"

"Msiba uko hapa. Nilikusubiri Muheza miaka yote hiyo, nikijiambia mume wangu yuko ng'ambo. Sasa nimekuja hiyo ng'ambo, bado nakusubiri. Kama kazi yangu ni kusubiri, nikasubirie kwetu. Kuna wajukuu na kuna upepo."

Tiketi alikuwa ameshakatiwa na mtoto wetu mkubwa. Zilibaki wiki chache. Nikatazama dirisha lile, nikaelewa kwa nini halina pazia. Mtu hanunui pazia la nyumba anayoihama.

Mimi si mtu wa kubembeleza, sikulelewa hivyo. Lakini nilijua kwamba akipanda ndege ile harudi tena, na nyumba ile itabaki marumaru tu. Nikamwambia, "Nipe wiki moja. Twende Hispania, tukatembee, tukaone miji ya kale. Wiki nzima sitashika usukani wala sitakaa na gari. Nikiweza, unarudi nami Muaither na ile tiketi tunairudisha. Nikishindwa, nitakupeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

"Nani atanipeleka? Dereva?"

"Mumeo."

"Haya," akasema. "Tutaona nani kati ya hao wawili atashuka kwanza."

Habari zikaenea Muaither nzima. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mkenya mmoja anayelinda ghorofa The Pearl, mtani wangu mkubwa, alinishika mkono barazani.

"Mzee wangu, naskia unaenda Hispania. Kwani wamekusajili timu gani? Si ungetuambia mapema tukutafutie buti."

"Sichezi," nikamwambia. "Wameniita kocha."

"Na koti unalo? Huko ni baridi, mzee, si baridi ya kiyoyozi."

Nikanunua makoti mawili mazito, langu na la mke wangu. Wakala wa safari wa mjini alituunganisha na kundi la watu wa Doha: Wafilipino, Wahindi, familia moja ya Misri. Ulikuwa mwezi wa pili. Tulishuka Madrid, tukapandishwa basi refu, safi, la viti vya kuegemea. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa Kihispania aliyenyanyua mwavuli mwekundu ili tusimpoteze. Na dereva alikuwa bwana mnene, mwenye masharubu na jaketi la bluu, anayeshika usukani kwa vidole viwili kama mtu anayeshika kikombe cha chai.

Nilimpenda palepale. Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mji wa kwanza ni Toledo. Umekaa juu ya mwamba, mto umeuzunguka kama mkono unavyozunguka bakuli. Basi linabaki chini, watu wanapanda. Mwavuli mwekundu ukatangulia, kundi likafuata, mke wangu akageuka kunitafuta. Nimesimama penye mlango wa basi.

"Shuka, twende."

"Na mizigo?" nikasema. "Basi zima la mizigo ya watu, nani ataangalia?"

"Dereva."

"Hatumjui."

Akaenda. Yule bwana wa masharubu alipoona nimebaki, alifungua kiti kidogo cha kukunja, akanipa, akakaa kwenye ngazi ya basi. Hajui Kiingereza, na mimi changu ni cha kuombea maji. Lakini madereva wana lugha yao. Alinionyesha tairi la nyuma, akatingisha kichwa. Nikainama, nikaliona limelika upande wa ndani, nikamwonyesha kwa kidole kwamba gurudumu limekaa upogo. Akanipiga bega. Nikamtolea simu, nikamwonyesha picha za mabasi yangu kiwanjani. Akabusu ncha za vidole vyake. Saa zikaenda, sikuziona.

Mke wangu alirudi na boksi la vitamu vya lozi. Akanipa kimoja. "Hii ndiyo Toledo yako," akasema. "Kula."

Siku ya pili ni Kordoba, na huko nilidhamiria. Nilishuka. Nilivuka daraja la mawe na kundi zima, makoti yetu yakipepea, mke wangu kanishika mkono, jambo ambalo Muheza hatujapata kulifanya mbele za watu. Tukafika kwenye msikiti ule mkubwa wa kale ambao sasa ni kanisa. Tukapita ua wa michungwa. Mwavuli ukaingia mlangoni, watu wakaingia, mke wangu akavuka kizingiti.

Miguu yangu ikasimama.

Sikuiamuru. Imesimama yenyewe, kama punda anayejua mwisho wa shamba. Miaka yote ile chumba cha dereva kilikuwa getini, na mimi mlango mkubwa wa nyumba niliujua kwa nje tu. Kwa nje niliujua kuliko aliyeutengeneza. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Nyinyi ingieni, mimi nawasubiri hapahapa."

Mke wangu alinitazama miguu. Kisha akaenda na Mhindi mmoja na mkewe, watu wa Kerala, wakarimu.

Nilikaa uani nikahesabia watu makosa ya kuegesha gari kwenye ule mtaa wa nje. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Hakunigombeza. Alinieleza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Unakumbuka shamba la mkonge alilokata baba mkwe?" akasema. "Ukisimama popote, unaona mistari. Ukigeuka huku ni mstari, ukigeuka kule ni mstari, mpaka macho yanachoka. Basi ndani ni nguzo, zimepandwa hivyohivyo. Nilikutafuta nikuonyeshe. Nikamwonyesha mke wa Mhindi. Yeye mkonge haujui."



Mji wa tatu ni Sevilla. Sasa niseme habari ya machungwa, maana ndiyo iliyonitia aibu. Mimi ni mtu wa Muheza. Chungwa kwetu si tunda, ni jamaa. Nikafika Sevilla nikakuta michungwa kando ya kila barabara, imezaa mpaka matawi yameinama, machungwa yameanguka yanakanyagwa na hakuna anayeokota. Nikasema moyoni, watu hawa wana kufuru. Basi liliposimama karibu na mnara mrefu wa kanisa lao, ambao zamani ulikuwa wa kuadhinia, kundi likaenda kupanda mnara. Mke wangu ana magoti mabovu, nikadhani atabaki. Akanitazama mara moja, akaniona natazama michungwa, akamfuata yule mama wa Kerala.

Nikachuma chungwa moja. Bwana wa masharubu akanipigia kelele, anapunga mikono. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Wewe tulia, utafundisha mtu wa Muheza chungwa?" Nikalimenya kwa kidole gumba, nikatia vipande viwili mdomoni kwa mpigo.

Lilikuwa shubiri. Ulimi ulirudi nyuma ukatafuta pa kujificha. Bwana wa masharubu alicheka mpaka akashika kioo cha basi. Kumbe machungwa yale ni ya pambo, na ya kupikia jamu. Nikacheka na mimi, ningefanyaje? Kisha akaniomba nimwelekeze, alitaka kutoa basi kinyumenyume kwenye kichochoro. Nikasimama nyuma, mikono juu. Rudi, rudi, kata kulia, rudi, simama! Basi likatoka bila kugusa hata jani. Nilijisikia mtu.

Nikageuka, kundi zima limesimama linaniangalia, mke wangu yuko mbele.

Wakati wa chakula cha jioni alingoja sahani ziondolewe. Kisha akanipa simu yake. Picha: mke wangu juu ya mnara, mji mweupe chini yake, anacheka. Pembeni yake Mhindi wa Kerala, kasimama kama bwana harusi.

"Huyu ndiye niliyepigwa naye picha," akasema. "Mkewe alikuwa anapiga. Na nikuambie ulichokosa. Ndani ya mnara ule hakuna ngazi. Kuna barabara. Inazunguka inapanda, pana, hata farasi anapita. Mwadhini alikuwa anapanda kwa kipando. Nilivyokuwa napanda na magoti yangu nikasema, mume wangu angeona hii, barabara ndani ya mnara, angefurahi kama mtoto. Nikageuka, nikaona mume wa mtu."

Nikamrudishia simu.

"Doha wewe ni mwenye mabasi," akaendelea, pole pole. "Umekuja Ulaya umekuwa utingo. Wa bure."

Neno hilo lilinipata. Utingo ni yule anayening'inia nyuma ya lori, anayeweka jiwe chini ya tairi. Nilikuwa utingo nikiwa kijana, na niliapa nisirudi.

"Umebaki mji mmoja," akasema. "Mimi nimeshapanga nguo za kurudi Muheza. Ziko kwenye sanduku la chini, hujaziona tu." Akanyanyuka akaenda kulala.

Mji mmoja uliobaki ni Granada. Na jumba lililoko Granada ndilo lile jekundu la Mama.

Kiongozi wetu alituonya njiani: kuingia kwenye jumba lile kuna saa yake, imeandikwa kwenye tiketi, ukichelewa hawakungoji hata uwe mfalme. Tulifika asubuhi, baridi inauma masikio, milima nyuma imevaa theluji. Theluji ile nilikuwa naiona mara ya kwanza na sikupata nafasi ya kuishangaa, nilikuwa natazama miguu yangu. Nikaiambia: leo mtaingia, mpende msipende.

Watu wakashuka. Nikashuka. Mke wangu akashuka nyuma yangu, kajifunga mtandio juu ya koti.

Hapo hapo basi jingine likaja likakaa upande wetu, kubwa, likaziba njia. Basi letu ilibidi lirudi nyuma kati ya ukuta na basi lile, na nafasi iliyobaki ni ya kupitisha mkono. Mtu wangu wa masharubu akatoa kichwa dirishani. Akaangaza macho, akaniona, uso ukang'aa.

"Amigo!" Akanionyesha nyuma ya basi kwa kidole.

Wallahi mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshanyanyuka. Ulikuwa juu, vidole vimefunguka, kama nilivyoufundisha kwa miaka mingi. Na nafasi ile ilikuwa tamu. Nafasi ya namna ile dereva huipata mara chache, ukiipita salama wenzako wanaisimulia. Mbele, mwavuli mwekundu unaondoka. Mke wangu hakuniita. Alisimama tu kati ya mwavuli na basi, mikono ndani ya koti, anatazama mkono wangu ule ulio hewani, kuona utashukia wapi.

Nikaupeleka kifuani. Nikamwinamishia bwana wa masharubu kichwa, kwa heshima, nikamwonyesha mke wangu, kisha nikaonyesha jumba. Nikatia mikono yote miwili mifukoni.

Alinitazama. Akamtazama mke wangu. Akatoa kofia yake dirishani, akaipunga kama anayemuaga mtu anayepanda meli, na akampigia mluzi mlinzi wa maegesho aje amwelekeze. Kama alitoka bila kukwaruza sijui. Sikugeuka. Nasema sikugeuka, na kwa dereva hiyo ni kazi ngumu kuliko kuendesha mpaka Muheza kwa gia ya nyuma.

Kiongozi alikuwa anagawa tiketi langoni. Alipofika kwangu akasita, akafungua mfuko wa ndani. Tiketi yangu alikuwa ameiweka mbali, maana hakuwa na mazoea ya kunipa.

"Bwana," akasema, "leo unaingia?"

"Naingia."

Mhindi wa Kerala akaanza kupiga makofi. Wafilipino wakadakia, familia ya Misri nayo, mama yao akapiga kigelegele, na wageni wengine wasiotujua wakageuka kutazama kama kuna harusi. Mke wangu akajifunika mdomo kwa mtandio. Nikawapungia mkono kama kiongozi wa nchi, nikapita.

Kwa nje jumba lile halina majivuno. Kuta ni nyekundu kama udongo wa Muheza mvua ikishakatika. Ukipita mlango wa kwanza unajiuliza, ni hili tu? Ukipita wa pili unanyamaza. Kuta zimechongwa kama kofia ya viua, zile za kushonwa kwa mkono miezi na miezi, tundu kwa tundu. Sasa fikiria kofia ukubwa wa nyumba, na wewe uko ndani yake. Dari limening'inia kama masega ya nyuki. Na maji, kama alivyosema Mama, yanatembea. Yanatoka chumbani, yanapita sakafuni kwenye mfereji mwembamba, yanatoka uani, hayana haraka, hayagongi hodi. Kuna ua wa simba wa mawe, wamebeba beseni mgongoni. Nitasema ukweli, simba wale wana sura za kondoo. Mke wangu alicheka aliponisikia, na kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu aje Doha.

Kuta zimejaa maandishi. Yeye ndiye aliyeanza kusoma, kidole hewani, kama alivyokuwa akifanya chuoni. Tulisoma chuo kimoja, yeye ubao wa mbele, mimi nyuma. Maandishi yale yanajirudia kila mahali, juu ya mlango, chini ya dirisha, kuzunguka nguzo.

"Hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu," akasema.

Nikayaona tena kwenye ukuta wa pili, na wa tatu. Nilikuwa nimeingia na kifua mbele, mshindi kamili, nikajikuta nimekishusha kidogo. Kidogo tu.

Tulizunguka kila chumba. Nilimwomba Mhindi atupige picha penye ziwa dogo la uani, sisi wawili juu na sisi wawili tena majini. Nikamtumia mwanawe Mama picha ile kwa simu, amwonyeshe mamake. Hatujafika bustanini, sauti ya Mama ikanijia simuni, sauti ya kizee sasa, inakwama kwama, lakini ni ileile.

"Mashallah! Uko ndani? Nani amewapeleka?"

Nikamjibu kwa sauti, ua mzima ukanisikia. "Dereva, Mama. Mhispania."

Alicheka mpaka ujumbe ukakatika. Mke wangu aliomba ausikilize tena. Akausikiliza mara kadhaa, na kila mara akinitazama upya.

Tukarudi Doha alasiri. Uwanja wa ndege ulikuwa ule mpya, sakafu inang'aa hadi unajiona. Nje alikuwa amekuja mmoja wa madereva wangu, Mganda, mtu mzima mwenye adabu, na gari langu dogo limeoshwa. Akapakia masanduku. Kisha, kwa mazoea, akaja upande wangu akaninyooshea funguo.

"Karibu, Mzee."

Mke wangu alikuwa amefungua mlango wa nyuma. Akasimama na mguu mmoja ndani.

Nikakunja vidole vya Mganda juu ya funguo zake. "Endesha wewe," nikamwambia. Nikazunguka nikaketi nyuma, karibu na mke wangu. Sikuwa nimewahi kukaa nyuma ya gari lile. Kiti cha nyuma kina nafasi kuliko nilivyodhani, na Doha ukiitazama kutoka pembeni ni mji mzuri. Mimi nilikuwa naijua kwa mbele tu.

Tulipofika mataa ya Al Thumama mke wangu akavua viatu, akakunja miguu kitini kama aliye kwake.

"Jua la jioni linaingia sana sebuleni," akasema, anatazama nje. "Zile kanga hazizuii. Nataka pazia zito, rangi ya udongo. Kama kuta zile."

Nikainama mbele, karibu na kiti cha dereva.

"Pita kwenye maduka ya mapazia," nikamwambia dereva.

"Sasa hivi, Mzee?"

"Sasa hivi."

Akatupeleka. Akasimama mlangoni kabisa, kama nilivyomfunza, akashuka kutufungulia, kisha akarudi kwenye usukani, akalaza kiti, akajiweka tayari kungoja. Nikagonga kioo chake.

"Zima gari," nikamwambia. "Toka. Ingia ndani na sisi, utusaidie kuchagua rangi."